Matawi ya Mwaka Jana

Wiki ile inayotangulia Kwaresima, ofisini kwetu Nakuru swali huwa ni moja tu: mwaka huu unaacha nini? Mmoja anaacha sukari, mwingine anaacha bia, na msichana wa mapokezi anaacha kupekua simu ya mchumba wake, ingawa sote tunajua hatafika Ijumaa. Mimi kwa miaka mingi nimekuwa na jibu langu ambalo huwachekesha. Nasema mimi niliacha kanisa lenyewe, kwa hivyo nilimaliza kazi mapema. Wanacheka, tunarudi kwenye kompyuta zetu. Utani wa namna hiyo hata si wangu. Niliurithi kwa baba yangu, mtu ambaye hakuwa na habari na kanisa, na akikumbushwa Kwaresima alikuwa akisema yeye ameshaanza kufunga tangu Januari.

Mwaka huu nilipoulizwa sikuwachekesha. Asubuhi hiyo Baba alikuwa amenipigia simu kutoka Kikopey. Hapendi simu, huongea nayo kama mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Akaniambia, "Karanja, hii kitu ya mama yako bado iko hapa juu ya mlango. Hii majani. Si hizi hurudishwa kanisa?"

Nikamwambia ndiyo, hurudishwa.

"Basi kuja uchukue," akasema, na akakata.

Mama alikuwa amelichomeka tawi lile juu ya mlango Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, kama alivyofanya kila mwaka. Baridi ya Gilgil ilipoingia tukamzika. Tawi likabaki pale, likakauka, likageuka rangi ya chai ya maziwa, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Nyinyi mliolelewa Wakatoliki mnajua kwamba matawi yale hayatupwi. Yanakaa nyumbani mwaka mzima, kisha kabla ya Jumatano ya Majivu yanarudishwa, yanachomwa, na majivu yake ndiyo watu wanapakwa kwenye paji la uso. Kule kwetu, aliyeyachoma alikuwa Mama.

Ukitoka Nakuru kwenda Nairobi, ukishapita Elementaita na kabla hujafika Gilgil, utaisikia Kikopey kwa pua kabla ya kuiona. Ni mbavu za mbuzi, mafuta yanayodondokea makaa, na moshi unaoingia kwenye gari hata ukifunga madirisha. Mimi nilizaliwa ndani ya moshi huo. Baba alikuwa mchomaji katika hoteli moja ya pale barabarani, mikono yake ina alama za moto mpaka kwenye viwiko. Mama alikuwa upande wa nyuma wa hoteli hiyo hiyo, anasonga ugali na kukata kachumbari. Sare yangu ya shule ilinuka nyama hata baada ya kufuliwa, na wenzangu darasani waliniita Choma. Ijumaa za Kwaresima tulikula maharagwe katikati ya harufu hiyo, na mate yananijaa mdomoni. Niliamini kabisa kwamba Mungu alituweka Kikopey makusudi, ili kufunga kwetu kuwe kugumu kuliko kwa watu wa Gilgil.

Jumanne ya kuamkia Majivu, watoto tulitumwa na gunia nyumba kwa nyumba kukusanya matawi. Wateja wa mchana wakishaondoka, Baba alimpisha Mama kwenye jiko lake kubwa na kumchagulia makaa mazuri. Mama alikuwa na sufuria moja kuukuu, nyeusi, yenye kifuniko kilichopinda. Alikatakata matawi, akayajaza humo, akafunika, akaweka jiwe juu ya kifuniko. Alinieleza kwa nini. "Ukichoma wazi inakuwa jivu nyeupe ya jikoni. Fadha akikupaka hiyo watu watafikiri umetoka kupuliza moto." Ndani ya sufuria iliyofunikwa matawi hayawaki, yanaiva polepole mpaka yanakuwa meusi. Moshi wake haukufanana na moshi wa nyama wala wa kuni. Ulikuwa mkali kidogo, na ndani yake kulikuwa na utamu fulani, kama uji ulioungua. Kisha aliyasaga kwa chupa na kuyachuja kwa chujio la chai, na unga wake ulikuwa laini kuliko poda.

Baba hakuacha kumtania. "Hizi zako hazina mafuta. Zitaiva lini?"

"Wewe ngoja tu," Mama alimjibu. "Siku moja utakuja upakwe hii yangu, na hautalipa."

Wakicheka wale wawili hapo jikoni, mimi nilijiona mtoto tajiri. Nasema hivi kwa sababu kuna watu baadaye waliozungumza juu yao kana kwamba walikuwa dhambi tu iliyojenga nyumba ya mabati.

Akisaga matawi ndipo Mama alipotuuliza tutaacha nini. Kanuni yake ilikuwa moja. "Usiache kitu haupendi, hiyo si kuacha. Acha kitu mkono yako itaenda kutafuta." Nikisema naacha sukari alinikubalia, kwa sababu alijua mkono wangu ulikuwa hautoki kwenye kile kikopo. Nikisema naacha kabichi alinifukuza na mwiko.

Keshoye asubuhi alivaa gauni lake la buluu lenye kola nyeupe. Gauni hilo liliishi ndani ya sanduku. Krismasi halikutoka, Pasaka halikutoka. Lilitoka Jumatano ya Majivu, siku ambayo padre mwenyewe anavaa zambarau na watu wote wanajitia huzuni. Mama alijipaka mafuta miguu ikang'aa, akatembea mbele yetu hadi kigango chetu, kanisa dogo la mabati lililokuwa ng'ambo ya reli, na watu walipoitwa kupakwa majivu yeye alikuwa wa kwanza kusimama. Alirudi na ule msalaba mweusi kwenye paji, amebana midomo asitabasamu. Nilifikiri ni furaha ya mpishi anayetaka kuona watu wakila chakula chake, na niliamini hivyo kwa miaka mingi.

Jumapili za kawaida mambo yalikuwa tofauti. Tulikaa benchi moja tu siku zote, la upande wa kushoto karibu na nyuma, na Mama alikaa mwisho kabisa wa benchi, penye njia. Wakati wa Komunyo watu wa benchi letu waliinuka, na ilibidi wapite mbele yake. Yeye hakuinuka. Alikunja magoti upande mmoja, akashika gauni lisikanyagwe, akawapisha mmoja mmoja. "Pita, mama. Pita, mzee." Wakirudi akawapisha tena. Mimi nilikuwa sijapata mafundisho, kwa hivyo tulibaki wawili kwenye benchi zima, na nilipenda sana dakika zile kwa sababu nilikuwa naye peke yangu.

Nilimwuliza mara moja, "Mama, kwani wewe huendi?"

Akasema, "Wewe ngojea siku yako, babangu." Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la baba yake.

Kwa kuwa hakunijibu, nilijitafutia jibu. Niliangalia mkono wake. Padre alipoinua hostia, ule mkate mwembamba wa Komunyo, mkono wa Mama uliokuwa mapajani ulifunguka. Watu walipoanza kuinuka, uliinuka nao kidogo, ukarudi. Kila Jumapili ilikuwa hivyo. Nikakumbuka kanuni ya jikoni, nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mama alikuwa ameacha Komunyo. Wengine waliacha sukari na nyama, na Pasaka ikifika wakavirudia kwa pupa, lakini Mama alikuwa ameacha kitu kikubwa kuliko vyote na hakukirudia hata Pasaka. Hapakuwa na mtu Kikopey nzima aliyemfikia. Nilivimba kichwa. Nilipoanza mafundisho ya Komunyo ya kwanza, nikiwa darasa la nne, nilimtangazia katekista mbele ya watoto wote kwamba mama yangu anafunga kuliko hata yeye. Katekista alinitazama, akafunga kitabu chake polepole, akasema, "Hayo mambo ya mama yako, mwachie mama yako." Nilidhani ameona wivu.

Kwaresima hiyo nyumbani kwetu ilikuwa ni Komunyo yangu tu. Tungeipokea Jumapili ya Pasaka. Mama alinishonesheza shati jeupe kwa fundi wa Gilgil, akanunua viatu vikubwa tukajaza karatasi mbele, na jioni alinifanyisha mazoezi. Alibamiza ugali ukawa mwembamba, akakata viduara kwa kifuniko cha soda. Mimi nilisimama mbele ya meza, mkono wa kushoto juu ya wa kulia, yeye anakuja na kiduara.

"Mwili wa Kristo," anasema, kwa sauti ndogo sana, kama anayeogopa kusikika barabarani.

"Amina."

"Usitafune. Iache ishike hapo juu, ndani ya mdomo. Itayeyuka yenyewe."

Tulirudia mpaka ugali ukaisha. Baba alipita akatuona, akauliza kama siku hizi ugali unaliwa kwa foleni. Mama hakucheka. Alikuwa amekishika kiduara cha mwisho, anakiangalia, kisha akakirudisha kwenye sahani.

Ile Jumanne ya kuchoma matawi nilikuwa nimetaja sukari, lakini moyoni niliongeza jambo ambalo sikumwambia mtu. Mkono wangu sasa ulikuwa na kitu cha kutafuta. Nilikitaka kwelikweli, niliota nimekipokea, niliamka nikiwa nimefungua mdomo. Basi ningefanya kama Mama. Siku ikifika, ningekiacha.

Pasaka ilifika. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Padre aliyekuja kutoka parokia alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, mpole. Wakati ulipofika tukapangwa mstari katikati, wavulana kulia, wasichana kushoto. Mstari ukasonga. Nilipofika usawa wa benchi letu nilitoka kwenye mstari, nikakaa kando ya Mama.

"Unafanya nini?" akaninong'oneza.

"Nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Komunyo. Kama wewe."

Nilimwangalia nikingoja anisifu. Sijawahi kuusahau uso ule. Alitazama mbele, ambako watoto wawili watatu walikuwa wamebaki, akanitazama, akatazama tena mbele. Kisha akanishika mkono, na mkono wa Mama uliozoea kuinua sufuria za moto ukikushika umeshikwa, akasimama.

Alinipeleka mwenyewe. Alitembea nami katikati ya kanisa, yeye ambaye hakuwahi kupanga mstari wa Komunyo, na vichwa vikageuka benchi kwa benchi. Tukawa wa mwisho. Padre akaniambia maneno yale, nikasema Amina, akaniwekea. Ilinishika juu, ndani ya mdomo, kama alivyosema. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono imepishana kifuani, kichwa chini. Padre alimtazama. Nadhani alimtazama kwa huruma, lakini alifunika kikombe chake na kugeuka.

Nami, mdomo umejaa, nikasema, "Fadha, umemruka Mama."

Kwaya ilikuwa kati ya ubeti na ubeti, na kanisa zima lilisikia. Padre akageuka, akainama mpaka ndevu zake zikawa karibu na uso wangu. "Mama yako anajua, kijana. Rudini mkae."

Tukarudi. Mama alitembea amenyooka. Wanawake waliokuwa kando ya njia walizama kwenye vitabu vya nyimbo, na mmoja wao alikuwa amekishika chake juu chini. Tulipofika kwenye benchi, kulikuwa na watu waliokuwa wamechelewa kurudi mahali pao. Mama akakaa, akakunja magoti, akawapisha.

Tukatoka kurudi nyumbani. Tulivuka reli, Baba tayari tunamsikia kwa mbali akigonga kisu kwenye gogo la nyama. Hapo Mama akasimama.

"Bado inashika hapa juu?" akaniuliza, akagusa shavu lake.

Nikasema ndiyo, inashika.

Akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, machozi yanamtoka bila kelele. "Hiyo usiwahi kuacha," akasema. "Acha ingine yoyote."

Nilikuja kuelewa nikiwa sekondari, darasani, mwalimu wa dini alipofundisha juu ya ndoa na nani anaruhusiwa kupokea na nani haruhusiwi. Alikuwa akieleza kwa jumla tu, hakuwa na haja nami, lakini mimi niliona benchi letu ubaoni. Nilikuwa najua, kwa namna watoto wanavyojua mambo bila kuyashika, kwamba Baba aliwahi kufunga ndoa kanisani huko Ol Kalou na mwanamke ambaye baadaye walishindwana, na kwamba mwanamke huyo yuko hai. Sasa nilijua maana yake: kwa Kanisa, huyo ndiye bado mke wa Baba. Maadamu Mama aliishi na Baba, hakuweza kupokea. Hakuwa ameacha kitu. Alikuwa amezuiwa, na mimi nilimtembeza mbele ya kanisa zima nikauliza kwa nini.

Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ya umri ule, lakini ilikuwa ya kweli. Likizo ilipofika nilienda naye Misa, na wakati wa Komunyo nikabaki nimekaa. Safari hii haikuwa mfungo, ulikuwa mgomo. Mama hakunivuta. Nilikuwa nimeshamzidi urefu.

Jioni, akiosha vyombo, alisema bila kugeuka, "Karanja, ukipokea, ni kama mimi nimepokea. Hiyo ndiyo yangu. Sasa umetunyima sisi wote wawili."

Nikamwambia siwezi kula kwenye meza inayomfukuza mama yangu.

"Nani amenifukuza? Mimi kila Jumapili niko hapo."

Na kweli alikuwa hapo. Mimi nikaenda zangu, chuo, kazi, nyumba ya kupanga Nakuru, na lile jibu langu la kuchekesha. Yeye akaendelea kukaa mwisho wa benchi na kuwapisha watu. Kila Jumanne ya kuamkia Majivu aliendelea kuichomoa ile sufuria. Hatukuongea tena juu ya jambo hilo, na tulipendana, lakini kila Pasaka aliniuliza kwa simu kama nimeenda, nami nikamwuliza habari za mvua.

Alipougua tulimleta hospitali moja ya Nakuru, nipate kumwona kila siku. Baba aliacha kazi, akawa anakuja na matatu ya kwanza, anamlisha uji kwa kijiko. Siku moja padre kijana aliyezungukia wagonjwa alifika kitandani kwake. Mama akamwambia anataka kupokea, ni muda mrefu sana. Padre akavuta kiti, akamwuliza mambo machache kwa upole, naye akamjibu yote kwa ukweli. Nilitaka kutoka, Mama akanifanyia ishara nikae. Mwishowe padre akamwuliza kama anajuta kuishi na mwanamume huyu bila ndoa. Akaongeza kwamba inatosha aseme hivyo tu, kwa moyo.

Mama alimtazama Baba aliyekuwa amesimama hapo na kikombe cha uji, anapuliza kipoe.

"Hiyo siwezi kusema, Fadha," akasema. "Nitakuwa nadanganya Mungu."

Padre aliinuka kitini. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimwekea Mama mkono kichwani, akamwombea, akaondoka bila kumpa. Mama akafungua mdomo, na Baba akamlisha uji.

Baadaye kwenye korido Baba alinishika koti. "Kwani ni mimi?" akaniuliza. "Miaka yote hiyo, ni mimi nilikuwa namzuia?" Mama alikuwa amemwambia siku zote kwamba mambo yake ya kanisa yako sawa. Nilimjibu kwamba si yeye. Baba si mjinga, hakuniuliza tena.

Mimi nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia kama mtoto. Yule mvulana wa darasa la nne hakuwa amekosea. Nilimcheka miaka mingi, na yeye ndiye aliyeona vizuri kuliko mimi mwenye elimu ya dini na hasira. Mama alikuwa ameacha. Mlango ulikuwa wazi siku zote, angemwacha Baba tu na kuingia, na mkono wake uliutafuta mlango huo kila Jumapili, na kila Jumapili aliurudisha mapajani kwa sababu yetu. Hata siku ile ya mwisho aliulizwa tena, na akaacha tena.

Hakukuwa na Misa kwenye mazishi. Katekista aliongoza sala, na wanawake wa jumuiya wakaimba mpaka wakakauka makoo. Nikiwa pale kaburini niliapa kwamba mguu wangu hautakanyaga kanisa lile.

Ndiyo sababu, Baba aliponiita kuchukua tawi, nilikwenda nikiwa nimeamua kulifikisha mlango wa kanisa tu. Nilifika Kikopey Jumanne alasiri. Nilimpigia katekista kujua nani anachoma siku hizi, akaniambia hakuna anayechoma, majivu yanaletwa tayari kutoka mjini kwenye mkebe. Nilimwambia Baba. Aliingia ndani, akarudi na ile sufuria yenye kifuniko kilichopinda. Akawasha makaa, akakata tawi vipande vidogo, akafunika, akaweka jiwe juu. Alikuwa amemtazama miaka yote ile akimtania, kumbe anajifunza. Vipande viliiva. Akasaga kwa chupa, akachuja kwa chujio la chai. Tawi moja halitoi kitu, yalitoka majivu ya kujaza kifuniko cha soda.

"Kesho nakuja na wewe," akasema. "Nataka kuona mahali alikuwa anakaa."

Mimi ndiye niliyelijua benchi lile, na kiapo changu kikaishia hapo. Asubuhi alivaa koti lake la harusi za watu. Katekista alikipokea kile kifuniko kutoka mikononi mwake, akamimina kwenye bakuli pamoja na yale ya mkebe bila kuuliza. Nilimwonyesha Baba benchi. Akakaa mwisho, penye njia, akaupapasa ubao.

Watu walipoanza kusimama kwenda kupakwa majivu, Baba alinigeukia. "Hata mimi wananipaka?"

"Hii ni ya kila mtu, Baba. Hakuna anayekatazwa."

Maneno hayo yalinitoka mdomoni ndipo nikalielewa lile gauni la buluu. Katika mwaka mzima ilikuwa siku moja tu ambayo Mama aliweza kusimama na watu wote, akapanga mstari na watu wote, akafika mbele na asirukwe. Alivaa kwa ajili hiyo. Baba akanishika mkono. Tulienda pamoja. Padre alituambia sisi ni mavumbi, akatupaka, na harufu ile kali yenye utamu ikanijia puani.

Kabla ya Misa nilikuwa nimemwuliza katekista, kama mtu anayeuliza njia tu, padre husikiliza maungamo lini. Ijumaa, akasema, baada ya Njia ya Msalaba. Mimi nikishaungama hakuna kinachonizuia, na labda hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sijaahidi mtu. Kwaresima hii nimeacha lile jibu langu la kuchekesha, na tayari nimeshalitafuta mara nyingi.

Komunyo ilipofika benchi letu likainuka. Baba naye akaanza kuinuka, akidhani ni mstari kama ule wa kwanza. Nikamshika mkono wa koti.

"Hii si yetu, Baba. Sisi tunabaki."

Akakaa. Watu wakawa wamesimama wanamngoja, kwa sababu yeye ndiye aliyeziba njia. Akanitazama. "Na yeye alikuwa anabaki hapa? Watu wakienda?"

"Ndiyo."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

Baba ni mtu mkubwa na magoti yake ni mabovu. Aliyashika kwa mikono miwili, ile yenye alama za moto, akayasogeza upande.

"Pita, mama," akasema. Akaendelea kuwapisha, mmoja mmoja, mpaka benchi zima likabaki na sisi wawili.